Bonde Lililolindwa na Mbung'o

Kina mama wa chama, walimu, vijana wa kanisa: wote wanaokodi gari langu kutoka Rongo kwenda Ruma huuliza jambo moja kabla hata ya bei. "Dere, simba tutawaona?" Huwajibu mapema ili tusije tukagombana getini. Anayetaka simba na tembo apitie Kilgoris aende zake Maasai Mara. Ruma ni kilomita za mraba 120 tu, haifiki hata sehemu ya kumi ya Mara, na ilitengwa kwa ajili ya mnyama mwingine kabisa. Asiyejua ilivyozaliwa atazunguka humo kutwa nzima na kurudi akilalamika.

Mbuga hiyo iko katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Upande mmoja kuna ukingo wa Kanyamwa, upande wa pili milima ya Gwassi, na mto Olambwe hupita humo kuelekea Ziwa Victoria. Udongo ni mweusi, nyasi humfika mtu kifuani. Ukisimama juu ya Kanyamwa ukalitazama, utajiuliza: mbona ardhi kama hii, katikati ya Wajaluo na Waabasuba wanaopenda ng'ombe na shamba, haikujaa maboma tangu zamani?

Mbung'o ndiye aliyewazuia. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda wa ziwa, na mwambao wetu nao ukaonja. Lambwe ilikuja kuwa na balaa yake yenyewe. Mbung'o wa humo ni wa vichakani, si wa kandokando ya maji, na malale anayoeneza ni yale makali yanayoua upesi. Hufyonza damu ya pongo na nguruwe mwitu, wanyama wanaobeba vimelea bila kuonyesha dalili kubwa, kisha humgeukia mchungaji na mifugo yake. Aliyehamia bondeni aliweza kupoteza ng'ombe kwanza, halafu mtoto. Serikali ya mkoloni ilifyeka vichaka na kupuliza dawa, na serikali ya uhuru ikaendeleza kazi hiyo, lakini mdudu hakuhama. Huku watu wakisita, wanyama walikaa.

Miongoni mwao alikuwa korongo. Simaanishi ndege, namsema swala mkubwa mwenye umbo la farasi, uso mweusi wenye mabaka meupe, masikio marefu na pembe zilizopinda kwenda nyuma. Zamani alionekana Mara, na hata vilima vya Ithanga karibu na Thika. Wale wa Ithanga walihamishiwa Shimba Hills kule Kwale, wasidumu. Lambwe ndiyo iliyobaki, na mwaka 1966 bonde likatengwa kuwa hifadhi kwa sababu yake.

Malale hayakuheshimu tangazo hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yaliwaka upya vijijini, na mwaka 1981 ndege zilinyunyizia bonde dawa ya endosulfan. Miaka miwili baadaye, 1983, hifadhi ikawa mbuga ya kitaifa na kupewa jina la Ruma. Vita na mdudu viliendelea kwa mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, rangi zinazomvuta mbung'o. Ndiyo maana humwambia kila abiria aache jinzi nyumbani. Vaa kaki au rangi ya udongo, usije ukageuka mtego unaotembea.

Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Sisi wa huku tuna haki ya kushangilia. Lakini tazama upande wa pili wa daftari. Katika miaka ya 1970 korongo wa Lambwe walizidi 200. Mwaka 2009 walikuwa 37. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 iliwapata 15. Mitego ya waya ya wawinda nyama imewamaliza, na mashamba yamefika hadi kwenye uzio. Siwalaumu majirani kwa kulima. Bonde lililokuwa la kuogopwa sasa linakalika.

Basi nikipanga safari, napanga hivi. Siku ya kwanza tunatoka Migori kwenda Thimlich Ohinga, kilomita 46 kaskazini-magharibi mwa mji, kwenye kuta za mawe zilizopangwa bila saruji, nyingine zenye kimo cha zaidi ya mita nne. UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Hapo mgeni huona kwamba watu wa eneo hili walikuwa wakijilinda wao na mifugo yao karne nyingi kabla ya uzio wa umeme. Siku ya pili tunaingia Ruma alfajiri. Twiga, kongoni, nyamera na taya huonekana kwa urahisi. Kifaru huhitaji bahati. Kati ya Aprili na Septemba, mwenye darubini amtafute mbayuwayu wa buluu anayetoka kusini mwa Afrika. Ila mvua ikinyesha, gari dogo lisithubutu: udongo ule mweusi hulimeza hadi ekseli.

Korongo simwahidi mtu. Ninachowaambia abiria, wanapoanza kunung'unika kuhusu kiingilio, ni kwamba mbung'o alililinda bonde hili miaka mingi bila mshahara. Sasa kazi hiyo inafanywa na askari wanaotembea kwa miguu wakitegua waya, nao hula, huvaa viatu na husomesha watoto. Tiketi ni sehemu ya gharama hiyo.