Smena 8M

Smena 8M ni kamera ya bei nafuu ya filamu ya milimita 35, iliyotengenezwa na kiwanda cha LOMO mjini Leningrad, Umoja wa Kisovyeti, kuanzia mwaka 1970. Ina mwili wa plastiki na lenzi ya T-43 ya milimita 40, na haitumii betri. Mpigapicha huchagua kasi ya shata kwa kufuata alama za jua na mawingu zilizochorwa kwenye pete ya lenzi, kisha hukadiria umbali kwa macho. Shata hukokiwa kwa wenzo wake, mbali na gurudumu la kusogeza filamu. Asiyesogeza filamu hupata picha mbili zilizopandana. Kwa urahisi wake, iliwafundisha wengi kupiga picha.