Mfalme Asiye na Sura

Garissa mchezo wa karata unaitwa turub. Kwa Kiswahili, karata inayokula nyingine ni turufu, na masikioni mwangu hayo ni maneno mabinamu. Turufu ni trunfo ya Wareno, iliyotoka kwa trionfi ya Kiitaliano, jina la zamani la karata za taroti, miaka ya 1440 hivi. Zilikuwa za mchezo tu. Mambo ya kuzipigia ramli yalishika kasi Ufaransa baada ya 1781, Antoine Court de Gébelin alipoandika kuzihusu.

Nawaeleza hivyo marafiki wanaoniuliza kwa nini nachonga taroti kwenye mbao, tena mji wa Waislamu. Wanaona ni ushirikina, na sura za watu ndizo zinawakera zaidi.

Lakini sikiliza tunavyoziita: kopa ni kikombe, uru dhahabu, shupaza upanga, pau fimbo. Karata za dukani hazina tena picha hizo, majina tu ndiyo yamebaki. Taroti ya Italia bado inazo zote nne. Na asili yake? Karata za Wamamluki wa Misri. Seti iliyohifadhiwa Topkapi, Istanbul, ina vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Mtu hayumo hata mmoja. Mfalme ameandikwa kwa maneno.

Kitabu changu basi kina kurasa nne, chapa ya mkono, wino mweusi. Mfalme ni maandishi, na kuchonga herufi kinyume ili zitoke sawa ni kazi, wacha tu.

Hooyo alikifungua, akaniuliza kama hiyo fimbo ni ya kuchungia ngamia. Nikamwambia inaweza kuwa.