Nani Ashike Chaki

Aliyewahi kuwa mwalimu anaijua nguvu ya chaki. Anayeishika ndiye anayeamua lipi liandikwe na lipi lifutwe, wengine hunakili. Nimefundisha miaka mingi mbele ya ubao mweusi, na pengine ndiyo sababu nimevutiwa na historia ya ubao huu wa siku hizi uliomo ndani ya kompyuta, ambao watu walio miji mbalimbali huandika pamoja kwa wakati mmoja, kila mtu na chaki yake. Wengi hudhani ulizaliwa mwaka 2020, wakati wa Korona. Sivyo. Una umri mkubwa kuliko wengi wanaoutumia.

Ubao wa darasani wenyewe si wa kale sana. Mara nyingi hutajwa James Pillans, mwalimu wa Edinburgh, Uskoti, aliyefundisha jiografia kwa ubao na chaki za rangi mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla yake watoto walikuwa na vibao vyao vidogo, kama watoto wa chuoni huku pwani. Kibao ni cha mtu. Ubao ni wa wote, ila mkono unaoandika ni mmoja.

Mkono wa pili ulionekana tarehe 9 Desemba 1968. Siku hiyo Douglas Engelbart alikaa mbele ya hadhira kubwa mjini San Francisco, na mwenzake Bill Paxton alikuwa Menlo Park, umbali wa kilomita zipatazo 48. Wakatazama maandishi yale yale kwenye skrini mbili huku wakisemezana na kuonana sura. Ajabu yake, msomaji, ni kwamba ilichukua zaidi ya miaka arobaini mpaka jambo hilo likawa la kila siku maofisini.

Katikati ya safari hiyo kuna chumba kimoja ninachokipenda kuliko mengine yote. Katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, Mark Stefik na wenzake walitengeneza chumba cha mikutano walichokiita Colab, wakakieleza kwa maandishi mwaka 1987. Watu wawili hadi sita walikaa kila mmoja na kompyuta yake, na mbele yao skrini kubwa. Walianza na malalamiko ambayo mwalimu yeyote angeyatia sahihi: ubao wa chaki hujaa upesi, maneno hayasogezeki, na kilichofutwa kimekwenda. Kanuni yao ilikuwa kwamba unachokiona wewe ndicho ninachokiona mimi. Punde wakagundua kuwa kanuni hiyo ikifuatwa kikamilifu ni kero, maana vishale vya watu wote vikitembea kwenye skrini moja, macho huchoka.

Na je, wawili wakigusa neno moja kwa pamoja? Wale mabwana hawakuweka kufuli kali. Neno linaloshughulikiwa lilififia rangi ili wengine waone lina mtu, na yaliyobaki waliyaachia mdomo: “Hapo nipo mimi, ngoja kidogo.” Waliweza, kwa sababu walikuwa chumba kimoja. Mwaka 1989 Ellis na Gibbs walitoa njia ya kuifanya kompyuta yenyewe ipatanishe mabadiliko ya watu wanaoandika kwa pamoja. Basi mdomo ukaanza kuonekana hauna kazi.

Mwaka 2011 ulianzishwa RealtimeBoard mjini Perm, Urusi, ambao tangu 2019 unaitwa Miro. Mwaka huo huo wa 2011 Mural ulianzia Argentina. Yote miwili iliiga vile vikaratasi vya rangi vya kubandika vilivyoanza kuuzwa Marekani nzima mwaka 1980. Maofisi yalipofungwa 2020, watu wakahamia humo kwa wingi.

Nasi tukahamia. Tulikuwa sita, Dar es Salaam, Mombasa na Toronto, tukiandaa kitabu cha kusomea cha watu wazima. Dada mmoja ambaye vikaoni hakuwa akisema neno alibandika vikaratasi kumi na vinne siku ya kwanza. Kimojawapo kilitaka sura juu ya mirathi ya wajane. Kesho yake hakipo. Akakirudisha, kikatoweka tena. Hatukujua nani, na hakuna aliyeuliza kwa sauti.

Nililifikiria sana jambo lile. Ukutani, anayetaka kufuta neno la mwenzake lazima ainuke, atembee mbele za watu, ashike dasta. Aibu hiyo ndogo ilikuwa kinga ya wanyonge, wala hakuna fundi aliyeibuni. Kwenye skrini kidole kimoja chatosha. Wale wa Palo Alto walikuwa na adabu hiyo bure, kwa kuwa walitazamana.

Kuna na kufutika kwa namna nyingine. Jamboard, ubao wa Google uliotangazwa 2016, ulifungwa mwisho wa 2024, na watumiaji wakatakiwa kuhamisha kazi zao mapema. Dasta la namna hiyo hata mwalimu mkuu hakuwa nalo.

Sisi tulikubaliana mambo mawili: kila kikaratasi kiwe na jina la mwandishi, na hakuna kufuta ila kikaoni, kwa kusema. Mzee wetu wa Mombasa aliongeza la tatu, kwamba yeye atanakili ubao mzima kwenye daftari kila Ijumaa. Tulimcheka. Sura ya wajane ni ya saba, kurasa kumi na moja, na dada yule ndiye aliyeiandika.