Mtoto Asomaye na Kalamu Mkononi

Husemwa mara nyingi, tena na watu wenye elimu, kwamba masomo ya zamani katika visiwa vyetu na mwambao wake yalikuwa ya kukariri tu: mtoto akisomeshwa, akapokea, akahifadhi, basi. Kauli hiyo ina ukweli wake, kwani chuoni kuhifadhi ndiko kulikokuwa mlango wa elimu. Lakini si ukweli wote. Historia inao watoto waliosoma huku wameshika kalamu, na yafaa akumbuke habari zao kila anayelalamika kwamba wanafunzi wa leo husoma bila kuhoji.

Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye utenzi wa wasia. Wasia hutolewa ili utiiwe, na wasomaji wa zama zetu wamebishana sana juu ya utiifu anaousia mama huyo. Hata hivyo, miongoni mwa mambo ya mwanzo anayomtaka bintiye ni kukaa karibu naye akiwa na wino na karatasi. Binti haitwi kusikiliza tu, aitwa kuandika. Naye mwenye kunakili hana budi kulipima kila neno kabla ya kulitia katika mstari.

Baada ya miaka michache twaikuta kalamu hiyo Unguja, mikononi mwa watoto wa hali nyingine kabisa. Wamisionari wa UMCA walifika mjini mwaka 1864, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana waliotolewa katika majahazi ya watumwa. Skuli yao ikaja kusimama Kiungani, kusini ya mji. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, ambao Kiswahili hawakukinyonya kwa mama zao. Walikipata ugenini, kisha wakakisoma katika vitabu vilivyopigwa chapa.

Lau wangaliishia katika kusoma, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini waliandika pia habari zao wenyewe: makwao, kutekwa kwao, na njia iliyowafikisha pwani. A. C. Madan alizifasiri habari hizo kwa Kiingereza, zikatoka London mwaka 1887 katika kitabu kiitwacho *Kiungani*. Tusighafilike hapa. Aliyezikusanya na kuzihariri ni mwalimu, na waliokusudiwa kuzisoma ni Waingereza. Mtoto aliyekwisha kunyang'anywa nyumba yake alikuwa na sababu ya kumwandikia mlezi wake yale yatakayompendeza. Pamoja na hayo, aliyeuzwa ndiye aliyetakiwa kueleza maana ya kuuzwa, na hilo halikuwamo katika kitabu chochote alichokuwa amesomeshwa.

Mwaka mmoja baadaye, 1888, likaanza kutoka Kiungani gazeti la *Msimulizi*, lililoandikwa kwa Kiswahili na watu wa skuli ile. Safari hii msomaji hakuwa mgeni wa ng'ambo. Alikuwa mwenzake mwandishi, awezaye kusema: mambo hayakuwa hivyo, nami nilikuwapo. Pale ambapo msomaji aweza kumjibu mwandishi, ndipo usomaji wa kuhoji unapozaliwa.

Hapo ndipo penye somo kwa madarasa yetu. Zoezi la ufahamu tulilolizoea humtaka mwanafunzi achukue jibu lililomo katika kifungu na kulirudisha kwa mwalimu kama lilivyo. Huo ni uchukuzi, haujawa usomaji. Nasi watu wa mwambao hatuna haja ya kuazima dawa mbali, maadamu malenga wetu tangu kale hujibizana: shairi likitungwa, jibu hufuata kwa mizani na vina vile vile, na ajibuye hawezi kujibu asichokielewa. Mtoto apewe beti mbili asome, kisha aulizwe: wewe ungemjibuje mtunzi huyu? Atasoma mara ya pili bila kuamrishwa, kwa kuwa sasa ana shauri lake ndani ya maneno yale. Na jibu lake likiwa na kasoro ya vina, mwalimu asahihishe vina, lakini rai ya mtoto aiache isimame.