Mawimbi ya graviti kutoka obiti za duaradufu

Mawimbi ya graviti ni mitikisiko ya anga na wakati inayosambaa kwa kasi ya nuru. Yale yanayopimwa duniani hutoka kwa jozi za mashimo meusi au nyota za nyutroni zinazozungukana hadi kuungana. Obiti ya jozi ikiwa duaradufu ndefu badala ya duara, mawimbi yake ni magumu zaidi kutambuliwa.

Jozi za nyota

Nyota ya nyutroni ina masi kuzidi Jua ikiwa imeshindiliwa katika kipenyo cha kilomita 20 hivi. Satelaiti Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Vipimo vyake vya eksirei vilionyesha kwamba Centaurus X-3 ni nyota ya namna hiyo inayozungukana na nyota kubwa.

Mwaka 1974 Russell Hulse na Joseph Taylor waligundua PSR B1913+16, jozi ya nyota za nyutroni. Obiti yake inapungua jinsi nadharia ya Albert Einstein inavyodai kwa jozi inayotoa mawimbi ya graviti.

Umbo la obiti

Uduaradufu hupimwa kuanzia 0 (duara kamili) hadi karibu na 1. Obiti ya Dunia ina 0.017, ile ya PSR B1913+16 ina 0.617.

Katika obiti ya duara mawimbi hutoka mfululizo. Katika duaradufu ndefu hutoka kama mapigo, kila nyota zinapopitana kwa karibu. Hapo ndipo nishati nyingi hupotea, na kwa sababu hiyo obiti hufupika na kuelekea kuwa duara. Philip Peters alikokotoa badiliko hilo mwaka 1964. PSR B1913+16 itaungana baada ya miaka milioni 300 hivi, na wakati huo obiti yake itakuwa karibu duara.

Utambuzi

Vituo viwili vya LIGO nchini Marekani, vyenye mikono ya kilomita 4, vilipima mawimbi haya mara ya kwanza tarehe 14 Septemba 2015. Kompyuta hulinganisha data na mifano ya mawimbi iliyokokotolewa mapema. Mifano mingi imetungwa kwa obiti za duara, hivyo wimbi la duaradufu linaweza kupita bila kutambuliwa. Njia nyingine ni kutafuta mtikisiko unaofanana katika vituo mbalimbali, bila kutegemea mfano.

Tukio la GW190521, lililopimwa tarehe 21 Mei 2019, limeelezwa na baadhi ya wataalamu kuwa la duaradufu. Wimbi lake lilikuwa fupi mno, na suala hilo bado linajadiliwa.

Umuhimu

Jozi iliyozaliwa pamoja kwa kawaida huwa na muda wa kutosha kwa obiti yake kuwa duara. Uduaradufu ukionekana karibu na muungano, ni dalili kwamba nyota hizo zilikutana baadaye katika fungunyota lenye msongamano, au kwamba gimba la tatu linavuruga obiti yao.