Diski ya Linux imejaa? Jua cha kufuta na cha kuacha

Kompyuta ya Linux ikijaa, dalili ni nyingi. Printa inakataa kazi, programu ya mauzo haihifadhi risiti, au unaweka nenosiri sahihi na skrini inakurudisha pale pale pa kuingilia.

Kwa mwenye steshenari Singida mjini au mwenye mashine ya kukamua alizeti kule Kiomboi, hapo kazi imesimama. Ila hasara kubwa huja pale mtu anapoanza kufuta folda asiyoijua, kisa tu ni kubwa.

Pima kwanza

Fungua teminali, andika:

df -h

Utaona kila sehemu ya diski na asilimia iliyotumika. Angalia mstari unaoishia na alama ya / peke yake. Ikisoma 100%, tatizo liko hapo. Kama skrini haikuruhusu kuingia, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa njia ya maandishi.

Kujua nani kala nafasi:

sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h

Mstari wa chini kabisa ni jumla, na juu yake zinakaa folda kubwa. Hiyo x inazuia kuhesabu vitu visivyo kwenye diski hiyo, kama /proc. Humo kuna faili la kcore linaloweza kuonekana lina TB 128 hata kwenye mashine ya GB 250. Usihangaike nalo, halili nafasi yoyote.

Folda zipi ni za nini

• /home: kazi zako, picha, vipakuliwa. Hapa ndipo pa kuanzia usafi.
• /usr: programu zenyewe. Usifute kwa mkono.
• /etc: mipangilio ya mfumo. Ni ndogo, na ikiharibika mashine inaweza isiwake.
• /boot: vitu vya kuwashia mashine. Matoleo ya zamani ya kiini cha Linux hujazana hapa.
• /tmp: vitu vya muda. Mara nyingi vinasafishwa mashine ikiwashwa upya.
• /var: kumbukumbu za mfumo, foleni ya printa na, mara nyingi, hifadhidata.

Vya kufuta bila wasiwasi

Kwenye Ubuntu au Debian, anza na hizi:

sudo apt clean
Inafuta mafaili ya kusakinishia programu yaliyobaki. Programu zako hazitaguswa.

sudo apt autoremove --purge
Inaondoa vifurushi visivyohitajika tena, pamoja na viini vya zamani. Soma orodha kabla ya kukubali.

sudo journalctl --vacuum-size=200M
Inapunguza kumbukumbu za mfumo hadi karibu MB 200.

Halafu mwaga debe la taka. Ukifuta faili kwa kipanya, linahamia tu ~/.local/share/Trash na linaendelea kula nafasi.

Hapa ndipo watu wanalia

Ndani ya /var kuna /var/cache na /var/lib. Zimepakana, lakini ya kwanza ina vitu vinavyoweza kutengenezwa au kupakuliwa upya. Ya pili ina vitu vya kudumu. MySQL kwa kawaida huweka data zake /var/lib/mysql, na PostgreSQL /var/lib/postgresql.

Ukifuta folda hizo umefuta madeni ya wateja, alama za wanafunzi au hesabu za msimu mzima wa alizeti. Amri ya rm haipitii debe la taka, kwa hiyo kama hukuweka nakala, usitegemee kuvipata tena.

Hifadhidata ikiwa kubwa, toa nakala kwa mysqldump au pg_dump uiweke kwenye diski ya nje. Kumbuka flashi ya FAT32 haipokei faili linalofika GB 4.

Umefuta, nafasi hairudi?

Kuna programu bado imeshikilia faili hilo. Andika sudo lsof +L1 uione, kisha iwashe upya programu hiyo.

Na kama hesabu ya df haijumliki, jua kwamba diski ya ext4 kwa kawaida hutengewa 5% kwa ajili ya msimamizi wa mfumo. Kwenye diski ya GB 500 hiyo ni GB 25.

Hata simu yako

Android nayo inatumia kiini cha Linux, na kanuni ni ile ile. Kufuta kashe ya app kunaondoa vitu vya muda tu. Kufuta data kunaondoa akaunti, mipangilio na chochote ambacho hakikuhifadhiwa kwingine.

Kwa hiyo ukikutana na folda usiyoijua, nakili kwanza, uliza fundi, ndipo ufute.