KIPANDE HAKITUPWI: HISTORIA FUPI YA LEBO ZETU ZA MABEGI

Kikundi chetu kimetimiza miaka kumi, na hilo si jambo dogo. Kwenye kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za hisa, mikopo na uongozi. Sisi wa kamati ya ushonaji tumepewa kazi ya kueleza kitu kilicho kidogo kuliko vyote tunavyouza, yaani lebo ya begi: kile kipande cha kitambaa chenye kamba, kinachofungwa kwenye mkono wa begi na kutiwa jina la mwenye mzigo.

Wapo watu hapa Mombasa ambao wakituona tumekaa mkekani na magunia ya makapi ya vitambaa husema, ati akina mama hawa wanashona takataka. Hatuwalaumu. Lakini anayejua historia ya nguo katika pwani hii hawezi kusema hivyo. Mama zetu na bibi zetu wameshona vipande tangu zamani, na katika kila zama limezuka swali lile lile: kazi ya mkono wa mshonaji inahesabiwa na nani?

LESO ILIANZA KWA VIPANDE

Katika karne ya 19 nguo iliyojulikana sana pwani ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina lake lenyewe lasema kilikotoka: viwanda vya Marekani, kikaletwa na merikebu mpaka Unguja na kusambazwa kwenye bandari nyingine za pwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiganwa Marekani kati ya mwaka 1861 na 1865, pamba ikawa adimu, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikachukua nafasi.

Na leso je? Wazee husimulia kwamba wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa rangi, vile ambavyo Wareno waliviita lenço. Viliuzwa vikiwa bado havijakatwa, kimoja kimefuatana na kingine. Mama alinunua sita, akavikata mara mbili, vitatu huku na vitatu huku, kisha akaviunganisha kwa sindano. Akapata nguo pana ya kujifunga, isiyofanana na ya jirani yake. Hiyo ndiyo leso ya kushona. Wafanyabiashara walipoona inapendwa, wakaagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa vile vile.

Mombasa sote twalijua jina la Abdulla. Duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza mwaka 1887, na maneno "Mali ya Abdulla" yamechapwa kwenye leso zake kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa karne ya 20 leso zikaanza kutiwa misemo, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu kwa hizi tunazozitumia leo. Hatuna ugomvi na wenye maduka, wametuvisha vizuri. Twasema tu kwamba jina la mwenye duka limebaki ukingoni mwa nguo, na yule mama wa kwanza aliyeunganisha vipande sita hakuna anayelijua jina lake.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa kofia za kushonwa kwa mkono. Wanawake wengi wa pwani walizitoboa vitundu na kuzidarizi nyumbani kwa majuma kadhaa, kofia ikatoka na kuvaliwa sikukuu, na mshonaji akabaki uani.

MTUMBA, SANDUKU NA JINA LA MWENYE MZIGO

Siku hizi ukisema mtumba kila mtu anafikiria nguo kuukuu kutoka Ulaya na Marekani. Zamani mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa ajili ya mpagazi wa msafara wa bara. Mzigo mmoja ulikuwa kama ratili sitini au sabini hivi, karibu kilo thelathini za leo, na ulibebwa begani au kichwani. Basi nguo na safari ni ndugu tangu hapo.

Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Mizigo ya watu wasiojuana ikawa inasafiri pamoja, na mzigo usio na jina ukawa hatari kupotea. Wengi wetu tunayakumbuka masanduku ya bati ya shule za bweni: jina la mtoto limeandikwa kwa rangi kifunikoni, na jina la shule chini yake. Aliyekuwa hana rangi alifunga kitambaa chekundu kwenye mpini ili alijue sanduku lake kwenye kituo cha basi.

Kwa upande wa ndege, mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Warsaw mwaka 1929, nao ukamtaka mchukuzi ampe abiria cheti cha mizigo. Baadaye ukaja Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya pia imo. Huo unasema kila begi lililokabidhiwa shirika la ndege litolewe kitambulisho chake. Kama begi limeharibika, abiria apeleke malalamiko kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu alipolipokea. Kama limechelewa, ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa. Ndugu zetu wanaosafiri kwenda Ghuba kutafuta kazi, au kwenda Hija, wayajue haya, na kile kikaratasi chenye namba wasikitupe.

Sasa mtu atauliza, kama shirika linabandika karatasi yake, lebo yetu ya kitambaa ya nini? Jibu ni rahisi. Karatasi huchanika. Na mabegi meusi yanafanana kama mayai! Lebo ya kitenge inaonekana kutoka mbali, na ikiwa karatasi imetoka, jina na simu ya mwenyewe zimo.

VITAMBAA VYATOKA WAPI

Makapi yetu twayapata kwa mafundi cherehani wa mtaani: vipande vya vitenge, vya sare za shule, vya mapazia na vya jinzi. Zamani nguo nyingi zilitoka viwanda vya hapa hapa Kenya. Rivatex cha Eldoret kilianza miaka ya 1970, kikaanguka mwishoni mwa miaka ya 1990, na Chuo Kikuu cha Moi kikakinunua mwaka 2007. Kicomi cha Kisumu nacho kilikwama. Milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamiminika, mafundi wengi walipoteza wateja wa nguo mpya, wakaishi kwa kupunguza na kukarabati. Ndiyo maana kipande kizuri cha kitenge hakitupwi hovyo.

Mwaka 2017 ulitusaidia kwa njia mbili. Safari za abiria za reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi zilianza, na tarehe 28 Agosti marufuku ya mifuko ya plastiki ikaanza kutumika nchini. Watu wakatafuta mifuko ya kitambaa. Mifuko ilipokatwa, vikabaki vijipande visivyotosha hata mfuko mdogo, na hivyo ndivyo vinavyotosha lebo.

NAMNA TUNAVYOISHONA

Kwa faida ya wanachama wapya, tunaeleza kwa ufupi. Kata vipande viwili vya sentimita 8 kwa 13. Kata kitambaa kigumu, kile mafundi wanachotia ndani ya kola, sentimita 7 kwa 12. Kunja pindo nusu sentimita kila upande na upige pasi. Kile kigumu kikae ndani ya kipande cha nyuma. Kata plastiki inayoonyesha, sentimita 6 kwa 9 na nusu, uishone juu ya kipande cha mbele pande tatu, na upande wa juu uuache wazi wa kutilia kadi. Pasi isiguse plastiki!

Kamba ni kitambaa cha sentimita 5 kwa 35. Kikunje mara nne kwa urefu, ukishone, kisha kipinde kiwe kitanzi. Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo, ncha za kamba zikiwa katikati upande wa juu, ushone kuzunguka. Pale penye kamba rudia mara tatu, maana ndipo panapovutwa. Lebo iliyoachia kamba ni aibu ya kikundi kizima.

Kwenye kadi andika jina na simu, ukianza na namba ya nchi. Anwani ya nyumba usiianike nje, kwa maana atakayeisoma atajua kwamba nyumba haina mtu. Na karatasi ya pili iwekwe ndani ya begi.

HESABU ILIYOLETA MANENO

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Alikuja mnunuzi mmoja akitaka lebo nyingi, na bei yake ilikuwa ya chini sana. Hoja yake ilikuwa kwamba vitambaa ni vya bure. Kikao kile kiligawanyika. Wenzetu wengine walitaka tukubali, na walikuwa na sababu: karo ilikuwa inadaiwa, na shilingi iliyo mkononi si sawa na ya kesho. Wengine wakasema, kitambaa ni cha bure sawa, je mgongo wa mshonaji nao ni wa bure?

Tukachukua daftari tukapiga hesabu ya mfano. Tuseme lebo moja huchukua dakika ishirini tangu kukata mpaka kumaliza. Basi saa moja ni lebo tatu. Tuseme tena saa ya mshonaji ni shilingi 150. Kila lebo ina shilingi 50 za kazi. Ongeza 20 za uzi, plastiki na kitambaa kigumu, 10 za mafuta na matengenezo ya cherehani, na 10 za mfuko wa kikundi. Inakuwa shilingi 90. Anayetoa 40 hajalipa hata kazi yenyewe, na zile akiba tunazosema tunaweka zingekuwa zinatoka kwenye jasho letu lisilolipwa.

Mnunuzi yule hatukuelewana naye. Lakini tangu siku ile daftari la ushonaji lina safu ya saa za kazi, na kila mwanachama jina lake limeandikwa mbele ya alichokishona. Mambo ya nani kafanya nini yakaisha kuwa maneno ya barazani, yakawa maandishi.

MWAKA 2020

Mtihani mkubwa ulikuja na ugonjwa wa korona. Tarehe 25 Machi 2020 ndege za kimataifa za abiria zilisimamishwa nchini, na mwezi Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Mombasa. Nani atanunua lebo ya begi wakati hakuna safari? Lebo zilijaa kikapuni. Lakini mkono uliozoea vipande vidogo haukosi kazi. Tulishona barakoa za kitambaa kwa makapi yale yale, na daftari lile la saa likatusaidia kugawana kipato bila kununiana. Mikutano tuliipunguza, michango ikapungua, ila sanduku halikufungwa. Ndege za kimataifa ziliporuhusiwa tena tarehe 1 Agosti mwaka huo, zile lebo za kikapuni zilianza kutoka moja moja.

Ndugu wasomaji, haba na haba hujaza kibaba. Lebo haijamtajirisha yeyote kati yetu. Imetufundisha kupima kazi yetu kabla ya kumruhusu mwingine aipime. Mama wa leso ya kushona aliacha kazi nzuri bila jina. Sisi tumeacha daftari, nanyi wasichana wetu mtakaopokea cherehani hizi, endeleeni kulijaza. Mungu awajaalie safari njema, na mabegi yenu yafike.